Sikio na Waya: Uhakiki wa Sinema ya The Slender Thread

Mwezi wa Desemba mwaka 1965 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Marekani sinema iitwayo The Slender Thread, jina ambalo maana yake ni Uzi Mwembamba. Uzi wenyewe ni waya wa simu. Upande mmoja wa waya huo ameketi kijana mwanafunzi wa chuo kikuu katika mji wa Seattle, aliyejitolea kupokea simu za usiku katika nyumba ya kuwasaidia watu waliokata tamaa ya maisha. Upande wa pili yumo mwanamke asiyejulikana aliko, ambaye amekwisha kumeza vidonge vya usingizi kwa nia ya kufa, wala haombi kuokolewa; aombalo ni mtu wa kusema naye mpaka mwisho. Baina ya hawa wawili hapana kitu ila sauti. Mwanamke akikata simu, hadithi imekwisha. Akiendelea kusema, liko tumaini. Ni nadra mtunzi wa mchezo kupata jambo ambalo lenyewe, pasipo kuongezwa chumvi, limebeba mkazo wa namna hii.

Sinema hii ilikuwa kazi ya kwanza ya aina yake kwa mwongozaji Sydney Pollack, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiongoza michezo ya televisheni. Watazamaji wa Afrika Mashariki humjua zaidi kwa Out of Africa ya mwaka 1985, aliyoipigia picha Kenya. Mazungumzo yalitungwa na Stirling Silliphant, naye aliyajenga juu ya makala ya Shana Alexander iliyochapishwa mwaka 1964 na gazeti la Life, kuhusu kisa cha kweli cha mji huo huo wa Seattle. Kijana, Alan Newell, amechezwa na Sidney Poitier. Mwanamke, Inga Dyson, na Anne Bancroft. Na Daktari Coburn, mkuu wa nyumba ile, na Telly Savalas. Muziki ni wa Quincy Jones. Picha ni nyeusi na nyeupe, na zile za mwanzo, zilizopigwa toka angani juu ya mji, zamfunulia mtazamaji kwa haraka jinsi mji ulivyo mkubwa na jinsi mtu mmoja ndani yake alivyo mdogo.

Ili sinema hii ihukumiwe kwa haki, ni lazima ijulikane kwamba nyumba ya aina ile haikubuniwa na mtunzi. Mwaka 1953 padri wa Kianglikana, Chad Varah, alifungua katika kanisa lake la St Stephen Walbrook mjini London simu kwa ajili ya watu waliotaka kujiua, na huo ndio mwanzo wa chama cha Samaritans. Katika kazi hiyo alijifunza jambo asilolitazamia. Watu wa kawaida waliokuja kumsaidia, kwa kuwapa wageni chai na kuzungumza nao walipokuwa wakingoja zamu, walifanya kazi kubwa kuliko yeye; wageni wengi, wakiisha kukaa na wasaidizi hao, hawakuwa tena na haja ya kumwona padri. Mwaka 1954 Varah akawakabidhi wasaidizi hao kazi ya kusikiliza. Mwaka 1958 wataalamu Edwin Shneidman, Norman Farberow na Robert Litman walifungua kituo chao Los Angeles, na mwaka 1964 Seattle ikapata chake. Basi mtazamaji anaponung'unika kwamba si jambo la kusadikika mtoto wa chuo kuachiwa peke yake roho ya mtu, na ajibiwe kwamba hapo ndipo mtunzi alipokuwa mkweli zaidi.

Lugha ya Kiswahili yasaidia kuliona jambo lililomo ndani ya sinema hii kuliko lugha nyingine kadha wa kadha. Siku hizi kazi ya Alan huitwa ushauri nasaha, na maneno haya mawili, yaliyofungwa pamoja kama ng'ombe wa plau, hayavuti upande mmoja. Nasaha hushuka: hutoka kwa ajuaye ikamwendea asiyejua, hutoka kwa mkubwa ikamwendea mdogo. Mfano wake bora katika fasihi yetu ni utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambamo mama mgonjwa, ayaonaye mauti yake karibu, amwachia binti yake maonyo ya maisha. Shauri ni jambo jingine. Watu huketi shauri. Huulizana, hungojeana, na mwisho wake haujulikani mpaka umefika. Sasa katika Uzi Mwembamba mambo yamepinduliwa. Anayekufa ndiye mtu mzima, mwenye mume na mtoto. Anayetakiwa kusema ni kijana ambaye hajaoa wala hajazaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Alan hajakilalia kitanda cha Inga. Hana cheo cha kutoa nasaha.

Naye mwanzoni hajui hilo. Hutapatapa, hufanya mzaha, hubembeleza, hukasirika, hupaza sauti. Kila anapomwambia mwanamke yule lipi alipaswa kuliona jema katika maisha yake, sauti ya upande wa pili hurudi nyuma. Kila anapouliza swali na kungoja jibu, husogea mbele. Poitier achezapo vizuri zaidi ni pale asiposema kitu. Mtazamaji humwona akiubana mkonga wa simu sikioni, jasho likimtoka, macho yakitazama mahali pasipo na kitu, na papo hapo hufahamu kwamba kusikiliza ni kazi ya mwili mzima. Pale apazapo sauti huonekana mchezaji hodari. Pale anyamazapo huonekana mtu. Daktari anaporudi kituoni hampokonyi simu, ingawa elimu ni yake. Ajua kwamba uzi haufungwi upya katikati ya usiku kwa mkono mwingine.

Lakini kusikiliza kwa Alan si kusikiliza kutupu, na hapa ndipo penye fundo la sinema nzima. Wakati anaposema na Inga, wengine wanamtafuta. Katika mitambo ya simu ya siku zile kila mwito ulipita swichi baada ya swichi, na swichi hizo zilibaki zimeshikana maadamu simu haijakatwa. Mafundi waliweza kuufuata mwito kinyumenyume, toka kwa aliyepigiwa mpaka kwa aliyepiga, wakikimbia baina ya safu za vyuma vinavyolialia; ila mara simu ikatwapo swichi huachana, na njia yote hufutika. Kwa hiyo kila neno ambalo Alan amtoa nalo Inga kinywani lina kazi mbili: ni neno la rafiki, na pia ni kamba ya mwindaji. Inga amempigia mtu wa kumsikiliza; mtu huyo amsikiliza kwa kweli, na wakati huo huo amzungushia polisi, mafundi wa simu na gari la wagonjwa.

Je, amemdanganya? Mtunzi mdogo angelikimbia swali hili. Silliphant na Pollack hawakulikimbia, ijapokuwa hawakukaa nalo muda wa kutosha. Jibu lililomo katika uchezaji wa Bancroft ni kwamba Inga mwenyewe amegawanyika. Atakaye kufa kabisa hapigi simu. Kwa kupiga ameacha mlango wazi kadiri ya upana wa kidole, na Alan amepitisha mguu wake hapo. Yamkini yuko msomaji atakayesema huo ni udhalimu, kwamba mtu mzima ana haki juu ya nafsi yake. Hoja hiyo ina heshima yake katika darasa la falsafa. Katika chumba kile, saa ile, sauti ikizidi kuwa nzito kwa usingizi, haipati mahali pa kukaa. Na ni sifa ya sinema kwamba humfanya mtazamaji alijue hilo pasipo kuhubiriwa.

Laiti wangebaki chumbani! Kosa kubwa la kazi hii ni kwamba kila Inga aanzapo kusimulia, kamera humwacha Alan na kwenda kutuonyesha mambo yaliyopita: ndoa yake na Mark, mwenye kazi ya uvuvi baharini, siku mume alipogundua kwamba mtoto wao, ambaye sasa ni mvulana mkubwa, si damu yake, ubaridi ulioingia nyumbani, na jaribio la kwanza la Inga la kujitoa uhai. Picha hizi zimetengenezwa kwa ufundi, lakini zauharibu msingi. Alan hazioni. Yeye ana sauti tu, na kutokana na sauti hiyo ni lazima akisie uso, chumba, mume na mji. Mtazamaji apewapo macho, huacha kuwa mwenzake Alan, akawa mjuzi wa yote, na wasiwasi uliokuwa wa roho hugeuka kuwa wasiwasi wa saa: je, watafika?

Kwamba jambo lingewezekana kwa njia nyingine kuna ushahidi. Mwaka 1930 Jean Cocteau alionyesha Paris mchezo wa La Voix humaine, ambao mchezaji wake ni mwanamke mmoja na simu. Mtazamaji hasikii kamwe neno la upande wa pili, na hana haja. Tena mwaka 2018 Gustav Möller alitoa Den skyldige, kisa cha polisi anayepokea miito ya dharura, na kamera haikutoka kituoni hata mara moja. Mengine yote, barabara, gari, nyumba yenye watoto, yamejengwa na sikio. Aliyeitazama sinema hiyo kisha akarudia ile ya Pollack hawezi kujizuia kuona nguvu iliyotupwa.

Hata pale ambapo picha za nyuma ni nzuri, hasara ni ile ile. Kiko kisa cha ufukweni: Inga awakuta watoto na ndege anayekufa, akimbia kutafuta kileo cha kumhuisha, na arudipo ndege amekwisha. Ni tukio dogo lenye maana kubwa, kwa kuwa mwokoaji aliyechelewa ni yeye. Bancroft angeweza kulisimulia kwa sauti yake ile iliyovunjika, kwenye giza la waya, na Alan akakaa kimya akijua kwamba ameambiwa habari ya usiku huu huu. Badala yake tumeonyeshwa mchanga, bahari na manyoya.

Na picha hizo zina madhara mengine, ya fikra. Zamfanya mtazamaji aamini kwamba kifo cha mtu kina sababu moja, na sababu yenyewe ni siri iliyofichuka. Wataalamu wa leo hukubaliana kwamba haiwi hivyo ila kwa nadra. Mambo mengi hukusanyika, maradhi ya moyo na akili yakiwemo, hata mtu akaona njia zote zimefungwa. Kwa kumpa Inga kosa la zamani, sinema imempa mtazamaji kiti cha kadhi: amhukumu mke aliyeficha, au mume asiyesamehe. Alan hakupewa kiti hicho, na ndiyo maana anafaa kitu.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili atazamapo sinema hii hawezi kuacha kuwakumbuka Rosa wa Rosa Mistika (1971) na Kazimoto wa Kichwamaji (1974). Euphrase Kezilahabi amewaacha wote wawili wafe kwa mikono yao, na kabla ya hapo ametuingiza ndani yao kuliko walivyoingia jamaa zao. Msomaji awajua, msomaji hana kinywa. Kezilahabi hakumweka mtu upande wa pili wa waya, na huo ndio ukatili wa makusudi wa riwaya zake. Ni zoezi lenye faida kujiuliza ni katika ukurasa gani mtu kama Alan angeweza kuingia, na angesema nini.

Jambo la rangi ya Poitier halipaswi kupitwa, ingawa sinema yenyewe hailifanyi kiini cha hadithi. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule wa 1965 ndipo Marekani ilipotia sahihi sheria ya kulinda haki ya Weusi ya kupiga kura. Miezi 4 baadaye mtazamaji aliwekwa mbele ya mtu mweusi na mwanamke mweupe walioshikana kwa usiku mzima kwa kitu ambacho hakina rangi. Mtazamaji amwona Alan. Inga hamwoni, na sinema humalizika pasipo wawili hao kukutana uso kwa uso. Wako waliosema kwamba huo ni ujanja wa wenye biashara ya sinema, waliotaka mchezaji mweusi pasipo kuleta gumzo la kuguswa mkono. Huenda kuna kweli katika hilo. Hata hivyo matokeo yameshinda nia: katika sinema hii macho yote yamo upande wa mtazamaji, na aliye na chuki aliletewa chuki yake mwenyewe aitazame, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumtupia.

Mwishoni Inga apatikana katika chumba cha hoteli angali hai, na kituoni furaha yalipuka. Furaha hiyo ni halali, lakini Pollack ameifunga hadithi mahali ambapo kazi ndiyo kwanza yaanza. Miezi inayofuata jaribio ina hatari yake. Jerome Motto, tabibu wa San Francisco, alianza mwaka 1969 kuwapelekea barua fupi baadhi ya watu waliotoka hospitali wakakataa kuendelea na matibabu. Barua hazikudai kitu, zilisema tu kwamba wanakumbukwa. Katika miaka 2 ya mwanzo waliopelekewa barua walijiua kwa uchache kuliko wale wasiopelekewa. Inga atarudi katika nyumba ile ile, kwa mume yule yule, na mtoto anayengojea kuelezwa. Usiku atakaopiga simu tena, kama atapiga, Alan pengine hatakuwa zamu; na kama yuko mtu atakayemwandikia, sinema haikuuliza.