Moto, Mafuta na Kuzima: Maoni Juu ya Lugha ya Ufundi wa Magari

Kazi ya istilahi haiishii katika kuorodhesha majina ya vyombo. Kabureta, koili, plagi, kondensa na pampu ni maneno yaliyokwisha kukaa katika Kiswahili, wala hatuoni sababu ya kuyafukuza. Udhaifu uko mahali pengine, yaani katika maneno yetu ya kila siku tunayotumia kueleza jinsi chombo kinavyoharibika. Katika makala haya tunakusudia kuuonyesha udhaifu huo kwa mfano mmoja: gari la zamani la petroli ambalo huzimika safarini likishapata joto, likapumzishwa, kisha likawaka kana kwamba halikuwa na ubaya wowote. Aliyepata kutumia Peugeot 504, iliyoanza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, au gari jingine la kabureta la miaka ile, si mgeni wa mkasa huu.

Tuchukue maelekezo ya namna hii, ambayo mfasiri aweza kuyaandika bila ya kushuku kosa: "Kama injini inazima mara kwa mara ikiwa moto, kagua moto, kisha kagua mafuta." Hakuna neno la kigeni la kumtatiza msomaji, na hata hivyo mwanafunzi hajui aanzie wapi.

Kwanza ni moto. Katika gereji neno hili lina maana tatu: joto la injini, umeme wa betri, na cheche ya plagi. Hapa tofauti hiyo ndiyo kiini cha ugonjwa wenyewe. Ndani ya koili mna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Waya huo ukikatika, ncha zake zaweza kugusana koili ikiwa baridi, zikaachana joto linapozitanua. Hapo cheche hupotea na injini huzimika. Koili ikipoa, cheche hurudi. Basi joto libaki kwa hali ya injini, umeme kwa nguvu itokayo katika betri, na cheche kwa kile kinachoruka katika plagi.

Pili ni mafuta. Neno hili hubeba petroli, dizeli, oili na hata mafuta ya breki. Mwanafunzi aliyeambiwa akague mafuta atachomoa kijiti cha kupimia oili, hali iliyokusudiwa ni petroli. Kwani joto kali laweza kuigeuza petroli kuwa mvuke ndani ya bomba, na pampu iliyoundwa kusukuma kioevu huushindwa mvuke huo.

Tatu ni inazima mara kwa mara. Kuzima ni tendo la dereva. Kuzimika ni jambo linaloipata injini yenyewe. Aidha, mara kwa mara hueleza wingi wa tukio, ambapo sifa ya hitilafu hii ni kuja na kutoweka. Lugha ya tiba ina homa za vipindi. Kwa mfano huo twapendekeza hitilafu ya vipindi.

Hata neno joto halina budi kutumiwa kwa hadhari. Mfuniko wa tangi la petroli huwa na tundu la kupitishia hewa. Likiziba, hewa haiingii kuchukua nafasi ya petroli inayotumika, na mwishowe pampu hushindwa kuvuta. Gari huzimika baada ya mwendo, na likisimama kidogo huwaka. Dereva atasema ni joto, kumbe sababu ni muda wa safari. Mfasiri anayeandika "ikipata joto" mahali pa "baada ya mwendo" amekwisha kumtangulia fundi katika kutoa hukumu, na mwenye gari hununua koili asiyoihitaji.

Huenda msomaji akasema kwamba mafundi wanaelewana kwa moto na mafuta. Ni kweli, lakini wao huzungumza mbele ya gari, na kidole huonyesha kinachokusudiwa. Kitabu hakina kidole. Kwa hiyo maelekezo yale tungeyaandika hivi: "Injini ikizimika yenyewe baada ya mwendo, usingoje ipoe. Tazama kama plagi inatoa cheche. Kama haitoi, kagua koili na kondensa. Kama inatoa, fungua mfuniko wa tangi usikie kama hewa inavutwa ndani, kisha tazama kama petroli inafika kwenye kabureta. Usijaribu cheche karibu na petroli."

Maneno "usingoje ipoe" ni ya lazima, kwa kuwa hitilafu ya vipindi huonekana ingalipo tu. Fundi akichelewa, kila kipimo kitampa jibu zuri. Nalo onyo la mwisho lisingeweza kuandikwa vema kwa maneno ya awali, kwani nani atajihadhari na "moto" ulio karibu na "mafuta" ikiwa maneno hayo yamekwisha kuitwa kila kitu ndani ya gari?

Tunawaomba walimu wa ufundi wayajaribu maelekezo haya mbele ya wanafunzi wao, na watujulishe ni neno gani lililowasimamisha.