Kazi Ndogo Iliyo Nzima

Ardhi ya Samuye, kama ilivyo sehemu kubwa ya Shinyanga, ina mbuga: udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka nyufa kiangazi kikikolea. Mhandisi aliyetoka chuoni juzi anajua kwamba kalavati haliketi salama juu ya udongo huo. Ataagiza uchimbwe, uondolewe, pajazwe changarawe na kushindiliwa. Hayo yamo kwenye madaftari yake. Yasiyomo ni haya: asubuhi amemwamkia fundi mkuu shikamoo, saa nne amekuta zege limejaa matundu, na sasa lazima amwambie mzee huyo abomoe. Malipo yamechelewa, vibarua wananung'unika, lori la mchanga halijafika na mawingu yanakusanyika. Hapo uhandisi unageuka uongozi, na anayestahili sifa ni yule anayemvusha kijana hapo, yaani mhandisi mlezi. Nadai pia kwamba chombo chake bora kuliko semina na vyeti vyote ni kazi ndogo iliyo nzima, anayoishika kijana tangu mwanzo hadi mwisho.

Wasukuma, wenyeji wa hapa, hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji, ndiye aliyepanga shamba la nani lilimwe lini, akawakusanya wenzake na kuwatoza faini wategaji. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, nayo iliona pengo kati ya chuo na saiti. Tangu 2003 inaendesha SEAP, mpango wa mafunzo kwa vitendo ambamo mhitimu hukaa miaka 3 chini ya mhandisi mzoefu akijiandaa kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Ni mpango mzuri, ila miaka 3 inaweza kuliwa na kipande kimoja cha kazi. Katika mradi mkubwa kama daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, kijana anaweza kushinda maabara akipima zege mwezi baada ya mwezi. Atatoka hodari wa vipimo ambaye hajawahi kuamua lolote lenye gharama. Mlinganishe na mwenzake wa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi 2019, aliyekabidhiwa kisima, pampu, tenki na vituo vichache vya kuchotea maji. Mradi ni mdogo, lakini bomba lazima lipite kwenye shamba la mtu, fedha zina mwisho, na siku maji yakikatika wanakijiji wanajua nani wa kuulizwa.

Ufundi wa mlezi uko katika kujua asimame umbali gani. Akikaa karibu mno, mafundi watamtazama yeye kila kijana anapofungua kinywa. Akikaa mbali mno, makosa yatafukiwa ardhini. Mlezi mzuri hutenganisha kosa linalorekebishika na lisilorekebishika. Nondo zikiwa hazijafunikwa, atazikagua mwenyewe. Mtaro wenye watu ndani ukiwa na kingo zinazomeguka, atasimamisha kazi bila kumwomba mtu radhi. Lakini saruji ikiagizwa nyingi kuliko inavyohitajika, ataacha ibaki stoo, kisha atauliza kwa upole itafanyiwa nini. Kwenye kikao cha saiti atakaa kimya mkandarasi anapomgeukia yeye badala ya kijana. Kimya hicho ni kigumu sana kwa mtu aliyezoea kutoa majibu kwa miaka 20, na sidhani kama kuna fomu ya tathmini inayoweza kukipima.

Wapo watakaosema kanda hii ya migodi haina nafasi ya majaribio. Wana hoja. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka, na tope likafunika makazi na mashamba. Kazi ya namna hiyo hapewi mwanagenzi. Lakini siku moja atapewa mtu, na swali ni kama atakuwa amewahi kusema "simamisheni" akasikilizwa, kwenye kazi ambayo hasara yake ilikuwa mifuko ya saruji tu. Wengine husema si kila mhandisi ni kiongozi. Kweli kabisa; kazi ndogo huonyesha hilo mapema, kabla mchoraji hodari hajaharibiwa kwa kupandishwa cheo kinachomtesa yeye na walio chini yake.

Pingamizi la kukatisha tamaa zaidi hutoka kwa halmashauri: tunalea, mgodi unachukua. Ni kweli mshahara wa migodi ya Geita au Bulyanhulu huvuta. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinazitaka kampuni ziwe na mipango ya kuwarithisha Watanzania nafasi zinazoshikwa na wageni, na nafasi hizo hazijazwi na wapimaji wa zege peke yao. Njia mojawapo ya haki ni mgodi kuchangia gharama za walezi huko wilayani, kwa kuwa huko ndiko unakompata msimamizi aliyekwisha kushika fedha za umma na kusimama kwenye mkutano wa hadhara akaulizwa, mbele ya wazee, pampu ilinunuliwa shilingi ngapi na kwa nini.