Mkalafati wa Ujiji

Mwezi ukipevuka, wavuvi wa dagaa wa Kigoma hupumzika. Dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikishatanda juu ya ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena cha kuwaitia. Basi boti huvutwa nchi kavu pale Kibirizi, Katonga na Ujiji, nyavu huanikwa, vijana hulala mchana kutwa. Ndipo inapoanza zamu ya fundi ambaye hatajwi mwaloni ila siku boti inapovuja: mkalafati. Samaki wakijaa, husifiwa mvuvi. Boti ikiwahi, husifiwa mashine. Leo mimi namsifu mkalafati, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kusali.

Asiyeijua kazi yake ataiona ya kitoto. Huchuchumaa ubavuni mwa boti, akakwangua pamba kuukuu iliyokwisha kuwa nyeusi, akapuliza vumbi, akapitisha ukucha kwenye mshono wa mbao mbili kama mtu anayesoma barua. Kisha huvuta pamba mpya, akaisokota juu ya paja iwe uzi mnene, akaichovya katika mawese, akailaza mshononi na kuisindilia kwa chembeu na nyundo. Hagongi kwa nguvu. Sikio lake hufanya kazi kuliko mkono: mshono mtupu hulia kwa sauti pana, na kadiri unavyojaa sauti hukaza na kupanda. Akizidisha, pamba itazitanua mbao na kuharibu alichokuja kutengeneza. Akipunguza, maji yataing'oa.

Na maji yenyewe si ya kuchezea. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake hufika mita 1,470. Duniani ni Ziwa Baikal la Urusi pekee linalolizidi kina. Juu ya kilindi hicho mvuvi hukesha akiwa ameketi kwenye ubao wa unene wa vidole viwili, na kati ya ubao na ubao kuna pamba.

Nilimwendea mzee mmoja wa kazi hii pale Ujiji, mwaka ambao sikuwa na boti ya kuzibwa. Nilikuwa nimekosana na kaka yangu kwa ajili ya michikichi aliyotuachia baba, na mwaka wa pili ulikuwa unakwisha hatusemeshani. Nilikuwa mtu wa kanisani. Jumapili nashika kitabu cha nyimbo, Jumatatu nikimwona kaka sokoni nageuza njia. Nilijaribu yote niliyoyajua. Niliapa katika mkesha wa mwaka mpya. Nilifunga Kwaresima nzima. Siku moja niliuma meno nikamsalimia, naye akaitikia kama mtu anayelipwa deni. Usiku ule nililala na hasira kubwa kuliko ya mwanzo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kivulini."

Nikakaa, nikamtazama, kisha nikauliza swali la mtu asiye fundi: kwa nini asizibane mbao kwa misumari mpaka pasibaki hata tundu la sindano, akaachana na pamba? Akacheka bila kuinua kichwa.

"Mbao mbili ngumu hazipatani, mwanangu. Lazima katikati pawe na kitu kinachokubali kubonyezwa."

Akaendelea kugonga. Hakuwa na habari ya kaka yangu.

Miaka miwili nilikuwa napigilia misumari. Ndivyo wengi wetu tunavyoielewa vita ya rohoni: mtu ajikaze, aape, aongeze siku za kufunga, na dhambi ikirudi aape upya kwa sauti kubwa zaidi. Tunamwomba Mungu atufanye mbao ngumu. Mtume Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliokuwa ukimtesa. Jibu alilopata lilimwachia mwiba na kumpa neema, akajifunza kwamba penye udhaifu wake ndipo Mungu alipopata pa kufanyia kazi. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo tangu shule ya Jumapili. Sikuwahi kuiona ikisokotwa juu ya paja la mtu.

Ukalafati una heshima ya kale katika Maandiko. Nuhu alipoagizwa kujenga safina, pamoja na vipimo aliambiwa aipake lami ndani na nje. Mama yake Musa naye alikipaka lami kisafina cha mafunjo kabla ya kukiweka mtoni na mtoto ndani. Katika Kiebrania cha kitabu cha Mwanzo, neno la kupaka lami ile limeandikwa kwa herufi zilezile za neno la upatanisho, la kufunikiwa dhambi. Sisi tunalo jamaa yake kwa Kiswahili, lililotufikia kupitia Kiarabu: kafara. Mzee wangu, Mwislamu wa swala tano, analijua neno hilo kama ninavyolijua mimi, ingawa kila mmoja analisikia kwa imani yake. Mimi, tangu siku ile, upatanisho ukihubiriwa kanisani, naona mshono, na naona kwamba Mungu hakumwacha Nuhu ategemee ubora wa mbao.

Ujiji yenyewe ina kumbukumbu ya watu waliolipa gharama kubwa kujifunza hayo. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society waliondoka pwani kuelekea ziwani wakitegemea magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe wakafa, magari yakashindwa, mizigo ikaendelea vichwani mwa wapagazi. Agosti 1878 wakafika Ujiji Mchungaji Thomson na Edward Hore, aliyekuwa baharia. Septemba Thomson akafariki. Mwaka uliofuata akaja Arthur Dodgshun, naye akafariki siku chache tu baada ya kuwasili. Hore akatafuta chombo cha wenyeji, akakifunga tanga, akakiita Calabash, yaani kibuyu, akaanza kulizunguka ziwa na kulipima. Sisemi imani ya wenzake ilikuwa haba. Walikufa wakiwa kazini. Nasema mpango ulioonekana kuwa na nguvu zaidi ndio uliovunjika kwanza, na kilichoelea ni kibuyu.

Lipo jambo jingine ambalo mkalafati hulijua kuliko mhubiri: boti hufa nchi kavu. Uvuvi ulipofungwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, boti zilikabiliwa na miezi mitatu ya kiangazi juu ya mchanga. Jua hukausha mbao, mbao hunywea, mishono hufunguka, na chombo kilichostahimili mawimbi ya miaka kikapasuka bila kuguswa na wimbi hata moja. Zamani nilidhani dhoruba ndiyo inayoharibu imani. Nikihesabu kwa uaminifu, nyufa zangu nyingi zilifunguka siku za amani, nilipoacha kusali kwa kuwa hapakuwa na cha kuniliza.

Na boti ikirudishwa majini huvuja. Hata iwe imezibwa na fundi gani, siku ya kwanza itavuja, kwa sababu mbao zinataka muda wa kunywa na kuvimba mpaka zikumbatiane na pamba. Maji yaleyale yanayotafuta njia ya kuingia ndiyo yatakayoifunga njia hiyo. Mgeni akiona maji miguuni hudhani ametapeliwa, akataka boti itolewe. Mwenyeji huchukua ndoo, akafua maji, akangoja. Kufua maji hakuzibi ufa, lakini asiyefua hatakuwapo ufa utakapojiziba.

Hapo ndipo nilipoelewa kutegemea nguvu za Mungu maana yake nini, na kwa nini si uvivu. Fundi hakuiumba pamba, wala hawezi kuziamuru mbao zivimbe. Kazi yake ni kuchuchumaa, kukubali kwamba mshono upo, kuusafisha na kuweka ndani yake kitu ambacho hakikutoka mwilini mwake. Ukimnyima pamba, nyundo yake ni kelele tu. Lakini na yeye asipochuchumaa, boti itabaki mchangani ikisubiri muujiza.

Nilikwenda kwa kaka bila kiapo. Njiani niliomba sala fupi kama ya Petro alipoanza kuzama, isiyo na utangulizi wala maneno ya kupendeza. Nilimwambia kaka kwamba hasira bado ninayo na kwamba nimechoka kupigana nayo peke yangu. Alinyamaza kitambo. Kisha akaingia ndani, akaniletea kiti.

Wiki zile za mwanzo tulivuja sana. Maneno ya zamani yaliingia katikati ya chai, yakaingia msibani, yakaingia hata kwa watoto. Tukafua. Usiku nilirudi kwa Mungu nikiwa na ufa uleule, asubuhi nikaenda tena.

Msimu uliopita tulikamua mawese pamoja, madumu manne, mawili yake na mawili yangu. Dumu moja nilimpelekea mzee wa Ujiji. Akanishukuru, akauliza kama siku hizi nina boti. Nikamwambia ninayo, na inavuja kidogo. Akatikisa kichwa kama aliyesikia habari ya kila siku, akalifungua dumu palepale, akachovya pamba, akaendelea kugonga.