Ya Moto au ya Baridi?

Kinondoni, jijini Dar es Salaam, inapanda juu. Nyumba za zamani zenye ua na mwembe zinauzwa moja baada ya nyingine, na mahali pake yanasimama maghorofa na fremu za maduka. Katikati ya mabadiliko hayo, baa ya mtaa ingali ipo: paa la bati, viti vya plastiki, jiko la mkaa pembeni.

Ukikaa tu, mhudumu anakuja na swali lake: "Ya moto au ya baridi?" Chupa ya bia anaifungulia mbele ya macho yako, kisha anakirudisha kizibo juu yake ili nzi wasiingie. Mchoma nyama naye anakunawisha mikono, anakatakata mbuzi kwenye ubao, anaweka chumvi, ndimu na pilipili. Meza moja wanakaa fundi, mwalimu mstaafu na dereva wa bodaboda, na hakuna anayeulizwa cheo.

Muziki wetu wa dansi nao una deni kwa baa. Sikinde, yaani Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanza mwaka 1978, ilichukua jina la Mlimani Park kutoka kwa baa ilimokuwa ikipiga. Watu walifuata bia na nyama, wakarudi nyumbani na nyimbo.

Hongereni wenye baa, wahudumu na wachoma nyama. Maghorofa na yajengwe, lakini wapangaji wake nao watahitaji mahali ambapo wakiingia, mtu anawaita kwa jina na kuwavutia kiti.