Kicheko cha Wapenda Sauti

Kila upendo mkubwa una kicheko chake. Mpenda ng'ombe huchekwa kwa kuwapa ng'ombe wake majina mazuri kuliko ya watoto wake. Mpenda mpira huchekwa kwa kukaukwa na sauti siku ya Jumapili na kukosekana kazini siku ya Jumatatu. Mpenda sauti naye huchekwa. Namkusudia mtu ambaye hatosheki kuusikia wimbo, bali ataka usikike nyumbani kwake kama ulivyopigwa: nyuzi ziwe nyuzi, ngoma iwe ngoma, na pumzi ya mwimbaji isipotee njiani. Mtu huyu hununua mashine ya santuri, amplifaya na spika. Huzipanga na kuzipangua. Na usiku wa manane huamka kusogeza spika moja kadiri ya upana wa kidole. Watu wamemcheka kwa muda mrefu. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hujicheka kuliko wanavyomcheka wao. Katika insha hii nataka kukipima kicheko hicho. Je, ni hekima, au ni majivuno yaliyovaa nguo za unyenyekevu?

Mahali pazuri pa kufanyia kipimo hicho ni Awendo, katika Kaunti ya Migori, kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Migori. Mji huu ulijulikana kwa miwa, na kwa kiwanda cha sukari cha South Nyanza kilichoanza kazi mwaka 1979, ambacho watu walikiita kwa ufupi Sony. Kampuni ya Japani iliyopata sifa duniani kwa redio zake nayo ilichukua jina la Sony mwaka 1958, na baina ya hizo mbili hapana undugu wowote. Basi mtu wa Awendo akisema kwamba ana Sony nyumbani kwake, hapana budi kumwuliza kama ni ya kusikiliza au ni ya kutia katika chai.

Walakini Awendo ina sababu kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Ni nchi ya Wajaluo, na Wajaluo walikuwa na sanaa ya kujicheka mbele ya muziki kabla spika ya kwanza haijaingia katika nyumba zao. Ala yao kuu ni nyatiti, yenye nyuzi nane. Mpigaji hukaa juu ya kigoda kifupi, njuga zimefungwa mguuni, na kidoleni pa mguu amevaa pete ya chuma ambayo huigonga nayo ala ili kupata mapigo ya wimbo. Katikati ya wimbo msikilizaji aweza kutoa fedha, akamsimamisha mpigaji, kisha akajisifu mbele ya watu wote. Desturi hii huitwa pakruok. Sifa hizo huwa nzito, na aghalabu zina mzaha ndani yake. Maskini, mathalani, aweza kujiita bwana wa maghala, hali waliopo wajua kwamba panya wa maghala yake hulala njaa. Watu hucheka, naye hucheka, kisha nyuzi huendelea.

Ichunguze sheria iliyofichika katika desturi hiyo. Mtu atakaye kusimamisha wimbo kwa ajili ya nafsi yake sharti alipe, na alipe kwa fedha yake mwenyewe. Hakuna anayechekesha kwa gharama ya jirani. Hii ndiyo mizani nitakayoitumia. Kila tusikiapo mzaha wa mtu anayejicheka, na tuulize: ni nani aliyeulipia?

Tuanze na mzaha wa waya. Wapenda sauti husimulia juu ya mwenzao aliyeuza fahali ili anunue waya wa kuunganisha amplifaya na spika, akaapa kwamba sasa asikia mpigaji gita akimeza mate. Mzaha huu ni mzuri. Ukweli ni kwamba, kwa umbali mdogo uliomo chumbani, waya wa kawaida wa shaba wenye unene wa kutosha hufikisha umeme bila kasoro iwezayo kutambuliwa na sikio. Mwenye kusimulia aujua ukweli huo, na huenda naye amekwisha kununua waya wa namna hiyo. Kwa hiyo akiri upumbavu wake, na fahali aliyekwenda alikuwa wake. Amelipa.

Mzaha wa pili ni wa masikio. Kijana mwenye afya aweza kusikia sauti tangu mitetemo 20 kwa nukta moja ya saa hata mitetemo 20,000. Umri ukizidi, sauti za juu hutoweka kidogo kidogo. Kwa kuwa mashine bora ni ghali, watu wengi huipata fedha yake baada ya nywele kuingia mvi. Basi husema wenyewe kwamba siku walipokuwa na masikio hawakuwa na mashine, na sasa wana mashine lakini masikio yamestaafu. Hapa pana kicheko na pana huzuni, na vyote viwili ni vya msemaji. Naye pia amelipa.

Mzaha wa tatu ni wa bei iliyofichwa. Mume hurudi na spika mpya, humwambia mkewe kwamba ni zile za zamani zilizofutwa vumbi, na wenzake hushangilia werevu wake. Mzaha huu nauhukumu kuwa mbaya, ingawa ndio unaorudiwa kuliko yote. Wajifanya kumcheka mume, kumbe wamcheka mke. Karo iliyocheleweshwa haimo katika masimulizi, wala bati la jikoni linalovuja. Aliyechekesha si aliyelipa. Katika ngoma ya nyatiti mtu wa namna hii angekuwa amejisifu kwa sarafu aliyoitoa katika mfuko wa mwenzake.

Umebaki mzaha wa nne, nao ni mgumu kuliko yote. Husemwa kwamba mpenda sauti haupendi muziki, apenda mashine. Waingereza wawili, Michael Flanders na Donald Swann, waliutungia jambo hili wimbo wa kuchekesha, uliomo katika mchezo wao uliofunguliwa London tarehe 31 Desemba 1956. Mtu wa wimbo huo ana vyombo vya kila namna, tena vyaweza kutoa sauti za juu mno kiasi cha kuwafaa popo, lakini muziki wenyewe haumshughulishi sana. Uzuri wa kazi yao ni kwamba waliokuwa jukwaani walikuwa watu wawili tu na piano moja, na kwa vitu hivyo vichache walipata kila walichokihitaji. Lakini pana jambo la pili. Mchezo wao ulitolewa katika santuri mwaka 1957. Basi wimbo wa kuwacheka wenye mashine ulihitaji mashine ili usikike nyumbani. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mashine ni upuuzi. Twaweza kuuliza tu kwamba yamtumikia nani.

Swali hilo lina uzito katika nchi ya Awendo. Ng'ambo ya mpaka, huko Shirati katika Tanzania, alizaliwa mwaka 1940 Daniel Owino Misiani, aliyekuja kuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa benga, na aliyefariki mwaka 2006. Benga ya zamani ilienea kwa santuri ndogo zizungukazo mara 45 kwa dakika. Upande mmoja ulikuwa mfupi kwa wimbo mrefu, kwa hiyo mara nyingi wimbo uligawanywa sehemu mbili, na msikilizaji aliinuka kuigeuza santuri ili apate mwisho wake. Santuri zilizotolewa na Phares Oluoch Kanindo zilifika mbali hata nchini Zimbabwe, ambako muziki wa namna hiyo uliitwa kwa jina lake, kanindo. Lakini santuri ni kitu dhaifu. Jua huipinda, vumbi huikwaruza, na sindano mbovu huichimba. Wimbo ambao haukunakiliwa kwingine hufa pamoja na santuri yake ya mwisho.

Basi mtu mwenye mashine nzuri aweza kuwa mmoja wa watu wawili. Wa kwanza hununua santuri mpya kila mwezi ili aijaribu spika yake, na santuri za baba yake zaoza darini. Akijicheka kwamba apenda mashine kuliko wimbo, hatuna la kuongeza; amejitolea hukumu mwenyewe, na kicheko chake hakiifuti. Wa pili huzitafuta santuri za zamani, huziosha, huzipiga kwa sindano njema, na huzinakili ili wengine wazisikie. Watu husema amerukwa na akili kwa kuthamini takataka. Naye hucheka na kukubali. Kicheko chake ni pakruok ya kweli, maana amejiita mwendawazimu na kulipa kwa saa zake, hali nyimbo zapona mikononi mwake.

Mwanafunzi msomaji, nawe una jambo ulipendalo kupita kiasi, na siku moja utachekwa kwa ajili yake. Usikasirike. Cheka mbele ya wengine ukiweza. Lakini kicheko kikiisha, ichungulie sarafu uliyoitoa, uone kama ni yako. Kisha, kama mpigaji wa nyatiti, uache wimbo uendelee.