Mahali pa Harusi: Usawiri wa Bi Harusi katika Riwaya na Filamu ya Vuta N'kuvute

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameishughulikia mada ya ndoa kwa muda mrefu, na aghalabu wameiendea kwa swali moja: je, mtunzi anaitetea ndoa au anaishutumu? Swali hilo lina manufaa yake, ila hulificha swali jingine la kimuundo ambalo lingepaswa kulitangulia, nalo ni kuwa harusi yenyewe imewekwa mahali gani katika kazi inayohusika. Katika ngano nyingi harusi ni hitimisho: shujaa huozwa binti wa mfalme, na msimulizi hunyamaza. Kazi inayoanzia pale ambapo ngano huishia huwa imekwisha kutoa hoja kabla mhusika yeyote hajafungua kinywa. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kuilinganisha riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute (1999), na filamu ya jina hilo iliyoongozwa na Amil Shivji (2021). Inadaiwa hapa kwamba filamu, kwa kuihamisha harusi, imebadilisha pia sababu ya uasi wa bi harusi.

Usuli wa mjadala huu hauwezi kuuepuka Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858. Mtunzi wake, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa, na alimwachia binti yake wasia. Miongoni mwa radhi tano ambazo binti anaelekezwa kuzitafuta, yaani ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, hii ya mwisho imefafanuliwa kwa kirefu. Wahakiki wametofautiana kuhusu shabaha ya mtunzi: wapo wanaouona utendi huo kuwa chombo cha kumtiisha mwanamke, na wapo wanaouona kuwa maarifa ya mama mwenye uzoefu anayemfunza mwanawe namna ya kuishi ndani ya mipaka asiyoiweka yeye. Lililo muhimu kwa mjadala wa sasa ni umbo la usemi wenyewe. Mama ndiye anayenena. Binti husikiliza tu. Wasia, kwa jinsi ulivyo, hauna nafasi ya jibu. Sehemu kubwa ya fasihi iliyofuata kuhusu ndoa yaweza kusomwa kama juhudi ya kumpa bi harusi nafasi hiyo.

Riwaya ya Shafi inalitoa jibu hilo bila ya kulitangaza. Inapoanza, Yasmin ameshakuwa mke. Ni binti wa Kihindi wa Unguja, mwenye umri wa miaka 15, na ameozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara mwenye miaka 52. Harusi haikupewa nafasi ya kuwa tukio kuu. Msomaji hacheleweshwi na mapambo wala shangwe, mambo ambayo yangeweza kumpumbaza akasahau hesabu ya umri. Anakabidhiwa hesabu yenyewe: tofauti ya miaka 37 inamwambia yale ambayo msimulizi mwingine angeyaeleza kwa kurasa kadhaa za maombolezo. Kwa mbinu hiyo mwandishi anaivua ndoa nguo yake ya sherehe, akaiacha kama ilivyo katika siku zake za kawaida, yaani duka, nyumba, na binti ambaye ujana wake hauna pa kwenda.

Ikumbukwe pia kwamba Bwana Raza hakusawiriwa kama jitu katili. Huu ni uamuzi wa kisanaa wenye uzito. Lau angekuwa mume wa kupiga na kutesa, lawama ingemwangukia yeye binafsi, na taasisi iliyomkabidhi binti ingetoka salama. Kwa kuwa kosa lake kubwa ni kule kuwa kwake mume wa Yasmin, lawama inapanda juu zaidi, hadi kwa wazazi waliokubali posa na jamii iliyoiona posa hiyo kuwa ya heshima.

Mfuatano wa matukio baada ya hapo ndio kiini cha hoja ya riwaya. Wanandoa hao wanahamia Mombasa. Yasmin anamwacha mumewe huko, anapanda meli na kurudi Unguja. Jamaa zake wanamkataa. Anapata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma, mwanamke wa Kiafrika asiye na mali. Ni baada ya kuilipa gharama hiyo yote ndipo anapoingia katika uhusiano na Denge, kijana mpinzani wa ukoloni anayeandamwa na polisi. Kwa hiyo anapomkimbia Bwana Raza, Yasmin hakimbilii kwa mwanamume mwingine. Anakimbia kwa sababu maisha aliyopangiwa hayamfai, na anakimbia bila ya kujua yanayomngoja. Uamuzi huo ni wake mwenyewe. Hali kadhalika, safari yake kutoka duka la mumewe hadi Ng'ambo inafichua kazi nyingine ya ndoa katika Unguja ya kikoloni, nayo ni kulinda mipaka ya jamii zilizotenganishwa kwa rangi. Anayekataa mume aliyechaguliwa na jamaa zake anapoteza pia jamaa hao, na mlango unaofunguka ni wa upande wa pili wa mji.

Filamu ya Shivji, ambayo ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, imeyapanga mambo kwa namna nyingine. Humo Denge anakutana na Yasmin usiku, wakati binti huyo akiwa njiani kupelekwa kuolewa. Ni wazi kwamba sanaa ya filamu ina mahitaji yake. Riwaya inaweza kusema katika sentensi moja kwamba msichana ameozwa. Kamera haina budi kuonyesha, na bi harusi ni miongoni mwa taswira zinazoshika jicho upesi kuliko nyingine. Vazi, giza la usiku na uso wa binti asiye na furaha huweza kubeba kwa muda mfupi mzigo ambao riwaya inaubeba kwa sura nzima. Aidha, kuwakutanisha wahusika wakuu wawili mapema kunaisaidia filamu kuyaunganisha mapenzi na siasa: anayeozwa kwa nguvu na anayetawaliwa kwa nguvu wanaonana katika usiku mmoja, na kila mmoja anakuwa istiari ya mwenzake.

Hata hivyo, faida hiyo ina gharama. Denge akishaonekana kabla ya ndoa kuanza, mtazamaji hawezi tena kuutenganisha uasi wa Yasmin na kuwapo kwa mwanamume huyo. Siku za kawaida za ndoa, ambazo katika riwaya ndizo ushahidi mkuu dhidi ya Bwana Raza, zinalazimika kushindana na kumbukumbu ya usiku ule. Mtazamaji anaanza kungoja wapendanao waonane tena, ilhali msomaji wa riwaya hangoji mtu. Anachongoja ni kujua kama binti huyu atathubutu. Yaweza kupingwa kwamba filamu ni kazi huru na haina wajibu wa kuifuata riwaya. Pingamizi hilo ni sahihi, lakini haliondoi swali. Uhuru wa mtunzi kubadilisha mpangilio ni uhuru wa kubadilisha maana pia, na maana iliyobadilika hapa ni jibu la swali la nani anayemkomboa bi harusi.

Lugha yenyewe ya Kiswahili inasaidia kuonyesha uzito wa jambo hili. Kwa kawaida mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Pale ambapo ridhaa yake haikutafutwa, huozwa. Yasmin wa riwaya anaanza katika hali ya kuozwa, lakini mwandishi hamfikishi mahali pa kuikataa ndoa kabisa. Baadaye anaolewa na Bukheti, safari hii kwa hiari yake. Mwisho huo umewatatiza wasomaji wanaotarajia shujaa wa kike aihame taasisi hiyo moja kwa moja. Lakini kuna mantiki ndani yake: kilichokataliwa tangu mwanzo ni ule uozaji, na ndoa inabaki kuwa kitu kinachoweza kuchaguliwa na mtu aliyekwisha kujifunza gharama ya kutochagua.

Kwa kuhitimisha, riwaya hii imesomwa na wanafunzi wengi wa shule za sekondari nchini Tanzania, na wengi wa kizazi cha sasa huenda wakamjua Yasmin kwa njia ya filamu kabla ya kitabu. Mwalimu anayezitumia kazi zote mbili asiishie kuuliza ipi imeufikisha ujumbe vizuri zaidi, kwani ujumbe si mmoja. Katika filamu, bi harusi anaonwa, na kuonwa huko kunamfungulia njia. Katika riwaya hakuna amwonaye wakati anapoamua kuondoka, na kwa sababu hiyo hakuna mwingine anayeweza kudai sifa ya uamuzi huo. Binti wa utendi wa 1858 aliachiwa wasia bila ya nafasi ya kujibu. Yasmin wa Shafi anajibu kwa kupanda meli, peke yake.