Figo za Paka Mzee: Yanayowezekana Embu na Meru

Katika maboma mengi ya Embu na Meru paka ana kazi moja inayojulikana: kuzuia panya wasimalize mahindi na maharagwe ghalani. Akiifanya miaka kumi, hakuna anayemhesabia umri. Kisha anaanza kukonda. Manyoya yanachakaa, uti wa mgongo unachomoza, na anaonekana akinywa kwenye beseni la kuku mara nyingi kuliko zamani. Watu husema amezeeka, na ni kweli amezeeka. Ila uzee wa namna hii mara nyingi una jina, ugonjwa sugu wa figo, na una vipimo vyake. Nashikilia kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuugundua na kuutuliza inaweza kufanyika hapa hapa chini ya Mlima Kenya, bila kumpakia paka kwenye matatu ya Nairobi.

Tuanze na kiungo chenyewe, kwa sababu makosa mengi ya matibabu huanzia hapo. Figo moja ya paka ina vichujio vidogo, nefroni, vipatavyo 200,000. Ya binadamu ina karibu milioni moja. Uchache huo haukumsumbua paka kwa maelfu ya miaka. Alitokana na paka mwitu wa nchi kame za Afrika na Mashariki ya Kati, na figo zake zilizoea kubana maji kwelikweli. Maji matupu yana uzito mahsusi wa 1.000, mkojo wa paka mzima mwenye afya kwa kawaida hupita 1.035. Nefroni ikifa hairudi. Zinazobaki hubeba mzigo wa zilizokufa, na kwa muda mrefu mwenye paka haoni lolote. Zikishapotea kama theluthi mbili, mkojo huwa mwingi na mwepesi, na paka hunywa ili afidie. Wakati huo damu bado inaweza kuonekana safi, maana kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, haipandi waziwazi mpaka karibu robo tatu ya uwezo wa figo iwe imekwenda. Hamu ya chakula hupotea baadaye zaidi.

Mfuatano huo, mkojo kwanza, damu baadaye, chakula mwisho, ndio unaopaswa kuongoza uchunguzi. Anayesubiri paka akatae chakula ndipo aite daktari amesubiri dalili iliyochelewa kuliko zote.

Kipimo cha kwanza basi ni mkojo, na kifaa chake ni refraktomita ya mkononi. Tone moja huwekwa juu ya kioo, kifuniko kinashushwa, daktari anaelekeza kifaa kwenye mwanga wa dirisha na kusoma mstari ulipokatiza skeli. Haitaki umeme. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaijua ndugu yake, ile yenye skeli tofauti inayopima ubora wa dang'a. Kazi ngumu ni kuupata mkojo wenyewe, kwa kuwa paka wa shambani hukojoa anapotaka. Daktari anaweza kuuvuta kwa sindano moja kwa moja kutoka kibofuni. Nyumbani, paka afungiwe chumbani usiku mmoja pamoja na karai lenye changarawe laini iliyooshwa na kukaushwa, isiyofyonza; asubuhi mkojo unanyonywa kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kupelekwa kliniki siku hiyo hiyo. Kusoma mara moja hakutoshi. Wapo paka wanaoendelea kukoleza mkojo ingawa figo zimekwisha kuumia, na wapo wanaokojoa maji kwa sababu ya kisukari au tezi ya shingo.

Kipimo cha pili ni uzito, nacho kiko mikononi mwa mwenye paka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliofuatilia kumbukumbu za paka zaidi ya 500 wenye ugonjwa huu, ulionyesha kwamba walianza kupungua hata miaka mitatu kabla ya kugunduliwa, na katika miezi 12 ya mwisho kabla ya kugunduliwa walipoteza kwa wastani asilimia 8.9 ya uzito wao. Kwa paka wa kilo 4 hizo ni kama gramu 350. Jicho la mtu anayemwona kila siku haliwezi kuzigundua. Mizani ya dijitali ya kuning'inia, ile ya wanunuzi wa maharagwe na njugu, inaweza. Paka anaingizwa ndani ya kiondo kirefu, kitambaa kinafungwa juu, kiondo kinaning'inizwa, namba inasomwa. Kisha kiondo kitupu kinapimwa na kuondolewa kwenye hesabu. Ukifanya hivyo kila mwisho wa mwezi na kuandika ukutani, una rekodi ambayo daktari yeyote ataithamini kuliko maelezo ya mdomo.

Kipimo cha tatu ni damu, na hapa kuna mtego. Madaktari hutumia ngazi nne zilizopangwa na jumuiya ya wataalamu wa figo za wanyama, IRIS, iliyoundwa mwaka 1998. Kreatinini chini ya mikromoli 140 kwa lita ni ngazi ya kwanza. Kati ya 140 na 250 ni ya pili. 251 hadi 440 ni ya tatu. Zaidi ya hapo ni ya nne. Maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo iko Karatina, na kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, lakini daktari aliye Runyenjes au Nkubu mara nyingi atapeleka sampuli kwenye maabara ya binadamu iliyo karibu. Hakuna ubaya, kreatinini ni kreatinini. Tatizo ni karatasi inayorudi, kwa sababu viwango vilivyochapwa pembeni ni vya watu. Namba 130 itawekewa alama ya kuwa juu, kumbe kwa paka bado iko ngazi ya kwanza. Na kinyume chake: paka aliyebaki mifupa ana misuli michache, hutoa kreatinini kidogo, na karatasi inaweza kumpendezesha kuliko alivyo. Ndiyo maana kipimo kingine, SDMA, kisichoyumbishwa sana na misuli, kimeongezwa kwenye ngazi hizo pale kinapopatikana. Damu ichukuliwe paka akiwa amerudishiwa maji mwilini, na irudiwe baada ya wiki chache kabla ya kutamka ngazi.

Sampuli hiyo hiyo ipakwe kwenye kioo na kuangaliwa kwa hadubini. Paka mashuhuri kuliko wote waliowahi kuishi Meru, Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson kisha akarudishwa porini, alikufa Januari 1961 kwa babesia, vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe, na kaburi lake limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Meru. Babesia huvunja chembe nyekundu za damu. Ugonjwa wa figo nao hupunguza damu kwa njia yake, kwa kuwa figo ndizo zinazotoa homoni inayoamuru uboho utengeneze chembe hizo. Ufizi mweupe hauwezi kukuambia ni kipi kati ya hivyo viwili. Kioo kitakuambia.

Sasa matibabu. Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni wa chakula, na inafaa kuona ulivyopatikana. London, mwaka 2000, watafiti walitoa taarifa ya paka 50 wagonjwa. Waliokula chakula maalumu cha figo waliishi kwa kadiri ya siku 633, wasiokila siku 264. Tofauti kubwa, lakini makundi hayo hayakupangwa kwa kura: paka aliyekataa chakula kipya, au ambaye mwenyewe hakutaka kubadilisha, aliingia kundi la pili. Huenda waliokataa walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Ndipo wenzao wa Minnesota, katika matokeo ya mwaka 2006, wakafanya jambo gumu zaidi. Paka 45 waligawanywa kwa bahati nasibu, 22 chakula cha figo na 23 chakula cha kawaida, kwa miaka miwili, bila wenye paka wala madaktari kujua nani anakula nini. Kati ya wale 23, sita walipata mshtuko wa sumu kujaa damuni na watano wakafa kwa figo. Kati ya wale 22, hakuna hata mmoja. Idadi ni ndogo, lakini mpango wa utafiti ni safi, na mimi ndio ninaouamini.

Siri kubwa ya chakula hicho ni fosforasi kidogo. Figo iliyochoka haiwezi kuitoa, mwili unajibu kwa homoni zinazovuta madini kutoka mifupani, na chokaa hujijenga ndani ya figo zenyewe. Lengo katika ngazi ya pili ni fosfeti chini ya milimoli 1.5 kwa lita. Sasa tazama bakuli la paka wa kwetu: ugali kwa omena, maziwa, mara nyingine utumbo na maini siku ya kuchinja. Omena huliwa na mifupa yake, na mifupa ndiyo ghala la fosforasi. Maziwa na maini nayo yana nyingi. Ugali una kidogo lakini paka hawezi kuishi kwa ugali. Bila nyama hukosa taurini, asidi anayoihitaji kwa moyo na macho, na misuli yake huliwa na mwili wenyewe. Vyakula vya figo vya dukani ni nadra kwenye agroveti zetu na bei yake si ya kila mtu. Kinachowezekana ni kuondoa omena na mifupa, kupunguza maziwa, kumpa nyama ya kuku isiyo na mfupa pamoja na mafuta yake, ute mweupe wa yai uliopikwa, na maji mengi kwenye chakula chenyewe. Daktari apange vipimo, aongeze taurini, na pale fosfeti isiposhuka aongeze dawa ya kuifunga tumboni. Jambo moja lisisahaulike: paka mgonjwa asipokula siku mbili tatu anaingia hatari nyingine ya ini. Mbadilishie chakula polepole, na akikataa kabisa, mrudishie anachokula.

Shinikizo la damu ndilo linalosahauliwa zaidi. Paka anayeanza ghafla kugonga viti, mboni zake zimepanuka hata juani, mara nyingi amepofuka kwa sababu shinikizo limebandua retina. Hupimwa kwa mkanda mdogo mguuni au mkiani: paka anaachwa atulie dakika 5 hadi 10, kipimo cha kwanza kinatupwa, kisha vitano hadi saba vinavyofuata vinapigiwa wastani. Wastani unaoendelea kuwa 160 au zaidi unahitaji dawa. Amlodipini ya binadamu ya miligramu 5 iko kwenye kemisti za Embu na Meru. Dozi ya kuanzia kwa paka ni takriban 0.625, yaani sehemu ya nane ya kidonge. Asipewe bila kupimwa, na kidonge kisikatwe kwa kukisia.

Kwa paka wa ngazi za juu wanaokauka maji, hasa kwenye joto la Siakago na Kiritiri, dripu ya Ringer chini ya ngozi hufanya kazi nzuri. Mfuko unapashwa kwenye maji vuguvugu, unaning'inizwa kwenye msumari wa mlango, ngozi kati ya mabega inainuliwa, sindano inaingia chini ya mkunjo, na mililita 100 zinashuka kwa dakika chache na kuacha uvimbe laini unaofyonzwa kwa saa kadhaa. Daktari akimfundisha mwenye paka mara moja, kazi hiyo hufanyika nyumbani. Dripu ya glukosi isitumike chini ya ngozi, na paka mwenye moyo dhaifu asipewe bila uangalizi.

Zipo figo zinazouawa kwa siku chache, na hizo ndizo zinaniuma zaidi kwa kuwa zinazuilika. Diklofenaki na ibuprofeni za watu. Jentamaisini inayodungwa kwa kukisia na mtu asiye na leseni. Kulanti ya gari iliyomwagika gereji. Maua ya lili ya kweli, ambayo hata chavua iliyolambwa kwenye manyoya inatosha. Waridi la Timau halina neno, na lile lili jeupe la arumu huunguza mdomo tu. Paka aliyegusa kimojawapo cha hivyo apelekwe saa hiyo hiyo, hata kama bado anacheza.

Japani, profesa Toru Miyazaki alionyesha mwaka 2016 kwamba protini iitwayo AIM, inayosaidia kusafisha mabaki yanayoziba mirija ya figo, kwa paka hubaki imeshikamana na kingamwili na haifiki inapohitajika. Wapenzi wa paka nchini humo walichanga mamilioni ya yeni mwaka 2021 ili kazi yake ya kutafuta dawa isisimame. Naifuatilia kwa matumaini, ila paka anayekonda leo Manyatta hawezi kuingoja.

Ombi langu ni kwa madaktari wa mifugo wa kaunti hizi mbili: nunueni refraktomita na mkanda wa kupimia shinikizo la damu, na wekeni ukutani jedwali la viwango vya paka badala ya kutegemea karatasi ya maabara ya watu. Na kwa mwenye paka aliyepita miaka saba: siku daktari atakapokuja kumchanja ng'ombe wako, mkabidhi na mkojo wa paka, pamoja na namba zako za mizani.